Mfupa umeunga, sasa naweza kurudi kwenye joging? Maswali na majibu

Wengi wanaoniuliza maswali haya walivunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda. Wamemaliza kliniki, wameacha magongo, na kila Jumamosi alfajiri wanawasikia wenzao wa mtaani wakipita na fulana za klabu. Majibu yangu yanahusu zaidi mfupa wa paja na wa ugoko. Aliyeumia kichwa au uti wa mgongo apangiwe utaratibu wake na daktari anayemtibu.

Daktari amesema mfupa umeunga. Mbona mguu bado umekonda, na nikipanda ngazi nahema?

Kwa sababu kilichopona ni mfupa. Msuli na moyo vilikuwa vimelala muda wote huo. Msuli usiotumika huanza kupungua ndani ya siku chache, na ule wa mbele ya paja huyeyuka haraka sana. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa paja sentimita 15 juu ya pia ya goti, mguu huu na huu. Tofauti utaiona mwenyewe.

Kuhusu pumzi, mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana 5 wenye afya njema, wa miaka 20, kwa wiki 3. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni katika mazoezi makali ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba zile wiki 3 za kitandani ziliwashusha kuliko umri wenyewe. Lakini katika utafiti huohuo wa mwanzo, wiki 8 za mazoezi ziliwarudishia walichopoteza. Kwa hiyo usijione mvivu. Mwili wako umefanya kile ambacho mwili wowote ungefanya, na unarudi.

Nianze lini kwenda na kikundi?

Kwa mtu mzima mifupa hii huchukua kwa kawaida miezi 3 hadi 6 kuunga, na mingine huzidi hapo. Usiangalie kalenda peke yake. Kwanza daktari awe ameona eksirei ya karibuni na kukuruhusu kukimbia. Pili, uweze kutembea nusu saa kwa mwendo wa haraka bila kuchechemea, na kushuka ngazi bila kushika ukuta.

Kisha fanya jaribio hili nyumbani. Simama mlangoni kwa mguu mzima, gusa fremu kwa vidole viwili tu, nyanyua kisigino mpaka juu kabisa, shusha taratibu, rudia. Hesabu mpaka kigimbi kikatae. Hamia mguu ulioumia. Kama mguu mzima umefika 25 na ulioumia umekwama kwenye 8, bado. Endelea na mazoezi uliyopewa na mtaalamu wa fiziotherapia mpaka ufike 22 au zaidi. Najua inauma kusubiri ilhali wenzako wanapita mlangoni, lakini kigimbi ndicho kinachopokea uzito kila unapokanyaga.

Si bora nifanye peke yangu tu?

Ukiweza, fanya. Uzoefu wangu ni kwamba wengi hawawezi. Zoezi la peke yako hufa wiki ya pili, ila anayesubiriwa na wenzake saa 12 asubuhi huamka. Kuna na hofu pia: aliyegongwa barabarani hushtuka kila pikipiki inaponguruma nyuma yake, na akiwa katikati ya watu 30 mshtuko huo hupungua kidogo kidogo.

Madaktari waliligundua hili zamani. Katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliufanya mchezo wa pamoja kuwa sehemu ya matibabu ya askari waliopooza baada ya kujeruhiwa uti wa mgongo. Tarehe 29 Julai 1948 aliwaandalia mashindano ya upinde na mishale, washiriki 16 wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Michezo ya Paralimpiki ilizaliwa hapo.

Na mwili wenyewe hubadilika. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwapima wapiga makasia wa chuo hicho. Walipopiga makasia pamoja kwa dakika 45, walistahimili maumivu zaidi kuliko kila mmoja alipopiga peke yake kwa juhudi ileile. Watafiti walidhani sababu ni endofini, kemikali za mwili zinazopunguza maumivu. Ni faida kubwa, ila kwa mwenye jeraha ina hatari yake: ukiwa na kikundi husikii mguu unavyolalamika.

Klabu yetu hukimbia mchakamchaka kwa nyimbo. Nitaendana nao vipi?

Usiendane nao. Naomba jibu hili ulisome mara mbili, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia upya. Wimbo una mdundo mmoja, miguu yote inatua kwa pamoja, na mdundo huo umewekwa na watu wenye miguu mizima. Ukishaingia kwenye mstari, mwili unafuata kabla akili haijaamua.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, mwambie kiongozi hali yako. Kaa mkiani. Tembea dakika 4, kimbia polepole dakika 1, rudia mara 5, basi kwa siku hiyo. Pumzika siku moja kabla ya kurudia. Wiki mbili zikipita salama, tembea 3 kimbia 2, na uendelee hivyo kupunguza kutembea. Kikundi kikikuacha, kikute kinaporudi. Klabu nyingi hugeuza njia ileile.

Nyimbo zenyewe zitumie kama kipimo. Ukiweza kuitikia kibwagizo chote bila kukata pumzi, kasi hiyo ni yako. Ukiitikia nusu, punguza. Epuka mchanga laini wa ufukweni miezi ya mwanzo, maana unakitesa kifundo cha mguu, na ufuo ulioinama hukufanya ukanyage upande mmoja. Uwanja wa udongo uliosawazishwa ni bora.

Joging pia haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Kwako siku hizo za nguvu, yaani kuchuchumaa, kupanda kidato na kunyanyua visigino, ndizo zitakazorudisha paja.

Maumivu kiasi gani ni ya kawaida?

Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, yasizidi 3 au 4, na yawe yameisha kesho yake asubuhi. Uamuzi ufanye asubuhi hiyo, si uwanjani katikati ya shangwe. Ukiamka unachechemea au goti limevimba, ulizidisha. Pumzika, kisha rudi hatua moja nyuma.

Nina vyuma mguuni. Vinaweza kukatika?

Mfupa ukiwa umeunga, mzigo unabebwa na mfupa, na wengi hukimbia na vyuma vyao maisha yote. Hatari ni kukimbia kabla haujaunga: chuma kinachopindishwa mara maelfu huchoka na kukatika. Ndiyo maana nasisitiza eksirei.

Nyumbani wanataka nikandwe na kuchuliwa kwa nguvu ili mguu uwe laini.

Kovu lililopona na msuli uliokaza vinaweza kupapaswa taratibu. Sehemu iliyovunjika isivutwe wala kubinywa, hasa kama mguu umevimba. Sigara nayo iache, inachelewesha mfupa kuunga. Kula maharage, mayai, na dagaa wazima pamoja na mifupa yao.

Dalili zipi zinirudishe hospitali?

Kigimbi kimoja kuvimba, kuuma na kuwa cha moto; huenda ni damu iliyoganda. Ukiwa na hilo ukaanza kubanwa kifua au kukosa pumzi ghafla, nenda saa hiyohiyo, usisubiri. Rudi pia ukiona usaha kwenye kovu, homa, mguu kupinda, au maumivu ya mfupani yanayoongezeka hata ukiwa umelala.

Mimi ni kiongozi wa klabu. Nimsaidieje mwenzetu aliyerudi?

Mpangie mtu wa kutembea naye nyuma, zamu kwa zamu, asione aibu. Msimtanie kwa kuchechemea na msimpigie makofi ya kumhimiza aongeze kasi. Makofi hayo yamewarudisha watu kwenye magongo. Anapomaliza muulize mguu ukoje. Jumapili asubuhi mpigie simu umuulize tena, kwa sababu jibu la Jumapili ndilo la kweli.