Nyati wa Miguu Mitatu: Mguu Ulipotelea Wapi?

Kijana mmoja aliniletea sarafu ya Marekani ya senti 5 ya mwaka 1937, aliyotumiwa na shangazi yake anayeishi huko. Nyati wa upande wa nyuma alikuwa na miguu mitatu. "Mzee, nimesikia hii ina bei kubwa," akaniambia. Nikaiweka chini ya lenzi, na moyo ukaniuma kwa ajili yake. Mahali pa mguu wa mbele palikuwa na mikwaruzo iliyozama. Mtu alikuwa ameukwangua mguu ule kwa chombo chenye ncha.

Sarafu halisi ya nyati wa miguu mitatu ipo, na ilitoka kiwanda cha Denver mwaka huo huo wa 1937. Ili uielewe, anza na muhuri.

Sarafu hupigwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu, na kati yao huwekwa kisahani kitupu. Kila kinachoinuka kwenye sarafu, kwenye muhuri ni shimo. Uwanja laini wa sarafu, kwenye muhuri ndio sehemu ya juu kabisa. Jambo hili ni dogo kulitamka, lakini mimi lilinichukua muda mrefu kulizoea machoni.

Ikitokea kisahani hakikuingia, mihuri hugongana uso kwa uso na kila mmoja hubaki na alama ya mwenzake. Fundi huyaondoa majeraha hayo kwa kuusugua muhuri kwa msasa. Akisugua, anapunguza uso wa juu, kwa hiyo mashimo yote yanakuwa mafupi. Mashimo yenye kina hubaki, yale ya juujuu hufutika. Huko Denver mguu wa mbele wa nyati ulikuwa kwenye sehemu isiyo na kina cha kutosha. Ukafutika, kwato ikabaki peke yake ardhini. Mguu wa nyuma nao ukakonda na kuwa kama umeliwa na nondo, na chini ya tumbo pakabaki mstari wa vinundu vidogo vilivyoinuka. Anayekwangua mguu wa sarafu ya kawaida hawezi kuviotesha vinundu hivyo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa hili: mstari umeinuka au umezama? Msasa ukiukwaruza muhuri, mkwaruzo unakuwa mfereji, na mfereji ule hutoa mstari ulioinuka kwenye kila sarafu itakayopigwa baadaye. Mkwaruzo uliozama umeipata sarafu yenyewe baada ya kuzaliwa. Kijana wangu alipoutazama kwa lenzi aliuona mwenyewe, sikuhitaji kusema zaidi.

Kuchakaa ni habari nyingine. Muhuri unapopiga, chuma cha kisahani hutambaa kuelekea ukingoni kama donge la chapati linavyokandamizwa kwa kiganja. Baada ya mapigo maelfu kwa maelfu, mtambao huo unaula muhuri. Kingo za herufi hulegea, tarakimu hupanuka upande wa ukingo, na wakati mwingine huonekana kama zimejirudia. Senti 1 ya Marekani ya mwaka 1955 ina matoleo mawili ya aina hiyo. Moja maandishi yake yamerudiwa kweli, kwa sababu muhuri wenyewe ulichapwa mara mbili ulipotengenezwa, na bei yake ni kubwa. La pili ni uchakavu tu, na wakusanyaji huliita la maskini. Nawasihi wanaoanza wasilipie la pili bei ya la kwanza.

Mwaka 1922 uchakavu na msasa vilikutana. Senti zote za Marekani za mwaka huo zilipigwa Denver, hivyo kila moja ilipaswa kuwa na herufi D chini ya tarehe. Enzi hizo herufi hiyo iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri. Baadhi ya mihuri ilitumika hadi D ikafifia. Mmoja uligongana na mwenzake, ukasuguliwa, D ikatoweka kabisa, kisha ukawekewa muhuri mpya wa nyuma. Ndiyo maana sarafu inayotafutwa zaidi ina mbele iliyochoka na masuke ya ngano yaliyokolea nyuma. Ukiona D haipo na masuke nayo yamefifia, bei hushuka sana.

Kwetu Tabora, mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa vitani, walipiga Heller 20 za shaba, na ni jina hilo la Heller lililotuachia neno hela. Kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na herufi L za neno HELLER upande wa nyuma hutofautiana umbo la ncha zake. Hapo hakuna msasa wala uchakavu: ni mihuri tofauti iliyotengenezwa palepale. Huenda bado nyingine zimo kwenye makopo na masanduku ya bibi zetu.

Ukiikuta moja, usiisugue kwa ndimu na majivu. Ifute vumbi kwa kitambaa laini bila kubonyeza, ielekeze kwenye mwanga wa pembeni, kisha tazama ncha za L.