Sheria inayoagiza ramani, si nyumba: Massachusetts na maghorofa ya karibu na stesheni

Sheria iliyowagombanisha watu wengi kuliko zote katika fani yangu ya mipango miji, hapa jimbo la Massachusetts, Marekani, ni fungu moja tu, tena fupi. Linaitwa Fungu la 3A la sheria ya matumizi ya ardhi, nalo lilipenyezwa ndani ya muswada mnene wa uchumi ambao Gavana Charlie Baker aliutia saini Januari 2021. Linaihusu miji 177 inayohudumiwa na MBTA, shirika la treni na mabasi la ukanda wa Boston, au inayopakana na miji inayohudumiwa. Boston yenyewe haimo.

Linataka nini? Kila mji utenge eneo lenye ukubwa wa kuridhisha ambamo mwenye ardhi anaweza kujenga nyumba za familia nyingi kwa haki yake, bila kupigia bodi yoyote magoti. Ujazo usipungue nyumba 15 kwa ekari. Kusiwe na sharti la umri wa wakazi, na nyumba zifae familia zenye watoto. Pale penye stesheni, eneo hilo liwe ndani ya nusu maili, yaani mita 800 hivi, umbali wa kutembea kwa miguu.

Basi. Hakuna anayelazimishwa kujenga hata choo. Serikali ya jimbo imeagiza ramani, na mengine imeyaachia soko. Watu wengi wanaonipigia simu wakiwa na hasira hawajalijua hilo, na wengine wengi wanaoshangilia hawajalijua pia.

Nyumba 15 kwa ekari ni nyingi? Ekari ni karibu mita za mraba 4,047. Ikate viwanja vya ishirini kwa ishirini, kama vile tunavyouziwa Dar es Salaam, unapata kumi, barabara tuziache kwa sasa. Kwa hiyo sheria inadai nyumba moja na nusu kwa kila kiwanja. Mtu wa Tabata atakuuliza ugomvi uko wapi. Hata hapa Boston, mitaa ya Dorchester imejaa nyumba za mbao za ghorofa tatu, kila ghorofa na familia yake, zilizojengwa zaidi ya miaka mia iliyopita kwenye viwanja vya ukubwa huohuo. Hizo zinafika nyumba 30 kwa ekari, na hakuna anayeziita mnara. Ila katika vitongoji vingi vya nje, kanuni za karne ya 20 zilipiga marufuku karibu kila kitu isipokuwa nyumba moja ya familia moja kwenye kiwanja kikubwa. Kwa mtu aliyekulia ndani ya kanuni hizo, 15 ni tarakimu ya kutisha.

Sharti la watoto nalo lina historia yake. Shule za hapa hulipiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya majengo ya mji wenyewe. Mtoto mmoja zaidi ni gharama. Mstaafu ni kodi bila mwanafunzi. Kwa miongo mingi miji iliyobanwa kuruhusu nyumba ilikubali upesi maghorofa ya wenye miaka 55 na kuendelea. Waliotunga fungu hili walikuwa wameshaijua chenga hiyo, wakaiziba mapema.

Kuna kipengele kingine ambacho hakikupigiwa kelele, nami nakiona kizito kuliko vyote. Kubadili kanuni za ardhi katika mji wa Massachusetts kulihitaji theluthi mbili ya kura za Mkutano wa Mji, ule mkutano wa kale ambao ndio bunge la mji. Maana yake, mtu mmoja kati ya watatu alitosha kuzuia. Muswada uleule wa 2021 ulishusha kiwango hicho kuwa wingi wa kawaida kwa aina kadhaa za mabadiliko yanayohusu makazi. Bila hilo, miji mingi iliyoitikia isingeweza kuitikia hata ingetaka.

Sasa twende Milton.

Milton ni mji ulio ng'ambo ya mto Neponset, mkabala na Mattapan na Dorchester, mitaa ya Boston. Kandokando ya mto inapita tramu ya Mattapan, mabehewa ya miaka ya 1940 yanayowapeleka abiria stesheni ya Ashmont, ambako wanaunganisha na treni ya Red Line kwenda mjini. Ni tramu inayopendwa kama babu wa familia. Ila kwa mujibu wa mwongozo wa serikali, tramu hiyo ni sehemu ya usafiri wa kasi, na kwa hiyo Milton ikawekwa katika kundi la juu kabisa. Miji ya kundi hilo ilitakiwa ramani zao ziweze kubeba nyumba sawa na asilimia 25 ya nyumba zilizopo, tena kabla ya mwisho wa 2023. Kwa Milton hesabu ilitoka 2,461. Kama ingehesabiwa kuwa mji unaopakana tu na huduma, kiwango kingekuwa asilimia 10, chini ya nyumba elfu moja, na mwaka mmoja zaidi wa kujipanga.

Hoja ya tramu niliiona ina miguu. Ukisimama kituoni pale Capen Street ukamwambia mtu kwamba huu ni usafiri wa daraja moja na treni ya chini ya ardhi, atakutazama. Lakini hoja hiyo ilikuwa ya kupunguza kiwango, na mahali pake ni mezani. Ilipogeuzwa kuwa hoja ya kuikataa sheria nzima, ikapoteza nguvu.

Desemba 2023 Mkutano wa Mji ulipitisha ramani. Wapinzani wakakusanya saini, wakaitisha kura ya maoni, na tarehe 14 Februari 2024 wapiga kura wakaifuta kwa asilimia 54 hivi. Jimbo halikuchelewa kujibu. Mji ulinyang'anywa ruzuku ya dola 140,800 iliyokuwa ya kukarabati ukuta wa kuzuia maji ya bahari, na kabla mwezi haujaisha Mwanasheria Mkuu Andrea Campbell akafungua kesi.

Mahakama ya Juu ya jimbo ilitoa uamuzi tarehe 8 Januari 2025, na kila upande ulipata cha kushika. Sheria ni halali kikatiba, na Mwanasheria Mkuu ana mamlaka ya kuishtaki miji inayoikaidi. Kukubali kukosa ruzuku si njia ya kununua ruhusa ya kutotii. Hapo jimbo lilishinda. Lakini mwongozo wenyewe, ule wenye makundi na asilimia, haukuwa na nguvu, kwa sababu idara ya makazi iliutoa bila kufuata hatua zinazotakiwa na sheria ya taratibu za utawala, ikiwamo tamko la athari kwa biashara ndogo. Idara ikatoa kanuni za dharura ndani ya wiki moja, zikifanana sana na ule mwongozo wa zamani, na miji iliyokuwa nyuma ikapewa hadi Julai. Mkutano wa Mji wa Milton ukapitisha ramani mpya Juni 2025.

Mimi ni muumini wa sheria hii, na bado nasema idara ilijitakia. Ukiichukulia miji mamlaka ambayo imeyashika kwa karne nzima, taratibu ndizo kinga yako pekee. Huwezi kumwambia mwenzako afuate sheria huku wewe umeruka hatua.

Mikutano ya hadhara niliyokaa kuhusu jambo hili inafanana sana. Ni saa moja jioni siku ya kazi, ukumbi wa shule au chumba cha Zoom. Wanaozungumza ni wenye nyumba, umri umesogea, na wengi wamekuja kupinga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipitia kumbukumbu za vikao vya bodi za mipango katika miji ya Massachusetts na wakakuta picha hiyohiyo: wanaojitokeza ni wazee zaidi na wenye nyumba zaidi kuliko wapiga kura wa kawaida, na wanapinga kwa wingi. Mpangaji mwenye zamu ya usiku hospitalini hayupo. Yule ambaye angehamia katika nyumba hizo hajulikani hata jina, atazungumzaje?

Hoja zenyewe ni foleni za magari, shule kujaa, maji taka, miti, sura ya mtaa. Wakazi wa Kileleshwa na Kilimani kule Nairobi wangezitambua zote. Nyingine ni za kweli. Bomba la maji taka la mwaka 1950 halijali itikadi yako. Kinachonichosha ni pale hoja ya bomba inapotumika kukataa nyumba, kisha bajeti ya kulibadilisha bomba inapoletwa, inakataliwa na watu walewale.

Hata hivyo, Milton ndiyo iliyopata magazeti, na kwa maoni yangu si hapo mambo yalipoamuliwa. Upinzani uliofaulu ulikuwa wa kimya, nao umo ndani ya faili la Ekseli.

Idara iliipa kila mji faili la kukokotoa uwezo wa ramani yake. Kila kiwanja kina mstari wake. Unaingiza eneo lake, unatoa ardhi isiyojengeka kama madimbwi na mali ya umma, kisha unaweka masharti: urefu wa jengo, sehemu ya kiwanja inayoweza kufunikwa, maegesho kwa kila nyumba. Mwisho linatoka jibu la nyumba ngapi zingeingia. Ni kazi nzuri, wala sina neno na aliyeiunda. Ila faili halipunguzi majengo yaliyopo. Kwa macho yake, ardhi yote ni tupu.

Ukiliona hilo, umeshaona mlango. Mji unachora eneo lake juu ya maghorofa ya miaka ya 1970 ambayo tayari yana familia 200. Faili linasema uwezo ni nyumba 200 na zaidi. Mji umetii. Hakuna atakayebomoa jengo lililojaa wapangaji wanaolipa ili ajenge jingine la kiasi hichohicho. Unaongeza kipande cha eneo la majengo ya ofisi ambacho mmiliki wake ana mkataba mrefu na mpangaji asiyeondoka, unamalizia na viwanja vyembamba vyenye wamiliki kumi na wawili ambao hawatakubaliana kuuza. Hesabu inatimia, cheti kinatoka, miaka kumi inapita.

Katika mji mmoja niliowahi kuusaidia, mjumbe wa bodi alinisogezea ramani na penseli, akaniambia waziwazi: tuonyeshe mahali ambapo hapatajengwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wapiga kura nyuma yake na sheria mbele yake, akatafuta upenyo. Nilimwonyesha pia mahali ambapo pangejengwa vizuri, karibu na stesheni, na ramani iliyopita mwishowe ilikuwa mchanganyiko wa hizo mbili. Miji mingi iko hivyo. Kutii nusu na kukwepa nusu ndio mtindo wa kawaida, na sheria haikuandikwa kuzuia hilo, kwa sababu inapima uwezo kwenye karatasi, haipimi nyumba mpya.

Kuna pia waliojaribu mlango wa fedha. Februari 2025 Mkaguzi wa jimbo, Diana DiZoglio, alisema fungu hili ni agizo lisilo na fedha, yaani jimbo linaiamuru miji bila kuilipia, na miji kadhaa ikakimbilia mahakamani na hoja hiyo. Juni mwaka huohuo jaji akazitupa kesi. Sikushangaa: kubadili kanuni za ardhi gharama yake ni karatasi na washauri kama mimi, na jimbo lilitoa ruzuku za ushauri.

Anayenivutia zaidi ni Lexington. Haina stesheni, ina mabasi tu, kwa hiyo ilihesabiwa kuwa mji unaopakana. Ilitakiwa kutenga ekari 50. Aprili 2023 Mkutano wake wa Mji ulipitisha ekari 227, tena mahali halisi: viwanja vya biashara vilivyochoka, majengo ya ofisi yaliyopoteza wapangaji, barabara zenye usafiri. Walifanya kwa nia. Na soko likaitika: ndani ya miaka miwili hivi mapendekezo yalikuwa yamezidi nyumba elfu moja. Katika fani yetu hilo ni tukio la nadra, maana kwa kawaida unachora ramani kisha unasubiri hadi unasahau.

Lexington ikashtuka. Ilikuwa wakati huohuo inapanga kujenga shule mpya ya sekondari kwa fedha nyingi, na swali la watoto wangapi watakuja likawa la moto. Machi 2025 Mkutano wa Mji ukayapunguza maeneo yale kutoka ekari 227 hadi karibu 90. Bado ni zaidi ya inavyodaiwa. Sitawatukana kwa hilo. Walibeba mzigo ambao majirani zao waliukwepa kwa Ekseli, na wajenzi wote wa ukanda ule wakakimbilia penye mlango ulio wazi. Kama miji kumi ingefanya kama Lexington, kila mmoja ungepata sehemu ndogo na hakuna ambaye angeshtuka.

Ila kupunguza ramani hakufuti kila kitu. Kwa sheria ya Massachusetts, mwenye ardhi akiwasilisha mchoro wa awali wa kugawa viwanja, kisha akafuatisha mchoro kamili ndani ya miezi saba, kanuni zilizokuwepo siku alipowasilisha zinabaki kumlinda kwa miaka minane tangu mchoro uidhinishwe. Ni kifungu cha zamani, wala hakikuandikwa kwa ajili ya mambo ya stesheni. Kwa hiyo ukitaka kujua Lexington itajengwa nini hadi miaka ya mwanzo ya 2030, ramani ya Machi 2025 haikutoshi. Nenda ofisi ya mipango ya mji ukaombe orodha ya michoro iliyopokelewa kabla yake.