Tarakimu nasibu: njia ya kupata probabiliti bila kuhangaika na fomula

Chukua mchezaji anayefunga penati 7 katika kila 10. Akipiga 10, kuna uwezekano gani akose 3 mfululizo? Wengi wanazidisha 0.3 mara tatu, wanapata 0.027 na kuishia hapo, ila hiyo ni ya penati tatu maalum tu, manake mfululizo unaweza kuanzia penati ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane, na nafasi hizo zinaingiliana kwahiyo huwezi kuzijumlisha tu.

Hapa ndo tarakimu nasibu zinapong'aa. Kila moja kuanzia 0 hadi 9 ina nafasi sawa ya kutokea na haijali iliyotangulia. Sasa 0 mpaka 6 ziwe goli, 7, 8 na 9 ziwe kakosa. Sheria hiyo iandike KABLA hujaona namba yoyote, nasisitiza sana hili, ukiibadilisha katikati sababu matokeo hayakukufurahisha basi hesabu yote imeharibika.

Kila mstari wa tarakimu nasibu kumi, yaani penati kumi, ni jaribio moja. Mstari wa kwanza 41789 02635: zipo 7, 8, 9 zimefuatana, weka alama ya ndiyo. Wa pili 90387 61425: 8 na 7 kakosa, halafu 6 ikaingia, kwahiyo hapana. Endelea hivohivo, kisha gawanya ndiyo kwa idadi ya majaribio.

Jibu kamili ni kama asilimia 15.5. Ukifanya majaribio 100 makadirio yako yanaweza kupishana nalo kwa pointi 7 hivi juu au chini, ukifanya 10,000 inashuka hadi 0.7, yaani kupunguza kosa kwa nusu lazima uongeze majaribio mara nne. Ndo maana kwa mkono utachoka. Zamani watu walitumia majedwali ya kuchapishwa, mtakwimu Tippett wa Uingereza alitoa la tarakimu 41,600 mwaka 1927, taasisi ya utafiti RAND ya Marekani ikatoa la tarakimu milioni nzima mwaka 1955, leo kompyuta inamaliza fasta. Mimi bado nashauri uanze na mistari michache kwa mkono, utaelewa kinachohesabiwa.

Kama uwezekano ni asilimia 65 soma tarakimu mbilimbili, 00 hadi 64 ndo goli. Dadu je? Tumia 1 hadi 6, zingine ziruke, usizigeuze 7 iwe 1 maana hapo 1 itatokea mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kuna kitu lakini, tumechukulia penati moja haiathiri nyingine. Kama unaamini akikosa anaingiwa na hofu, sema basi inayofuata anafunga kwa 0 hadi 5 tu. Kwa fomula hapo ni kuanza upya, kwa tarakimu unabadili sheria moja tu na kuanza majaribio mapya. Rudia ule mstari wa pili: 8 kakosa, 7 kakosa, na ile 6 iliyokuwa goli sasa naye kakosa, kwahiyo hapana imegeuka ndiyo.