Richard III na watoto waliopotea Mnarani

Mfalme Edward IV wa Uingereza alifariki Aprili 1483, akaacha wana wawili: Edward wa miaka 12 na Richard wa miaka 9. Baba yao mdogo, naye Richard, akawa msimamizi wa ufalme mpaka mkubwa akue. Kufika Julai 6 alikuwa ametawazwa yeye, na watoto wako ndani ya Mnara wa London, ngome ya kifalme. Hawakupatikana tena. Je, Richard ndiye aliyewaua? Tupime madai yanayosikika.

"Mifupa ya Leicester imemsafisha." Hoja hii ndiyo inayovuma zaidi. Mwaka 2012 wanaakiolojia walichimba maegesho ya magari mjini Leicester, palipokuwa na kanisa la watawa Wafransisko, wakakuta mifupa ya mwanamume mwenye uti wa mgongo uliopinda kwenda upande. Vinasaba vikalingana na vya wazao wa dada yake. Mkono uliopooza anaopewa na Shakespeare haukuwepo, wala kibyongo; bega moja tu lilikuwa juu kidogo. Sawa, umbo alisingiziwa. Lakini mgongo hausemi aliwafanya nini watoto wa kaka yake.

"Habari za mauaji zilitungwa na akina Tudor, ukoo uliotawala baada yake." Nusu kweli. Henry VII, Mtudor wa kwanza kutawala, ambaye jeshi lake lilimuua Richard vitani Bosworth Agosti 1485, alihitaji mtangulizi mbaya, na Thomas More, mwenye simulizi maarufu la mauaji, alikuwa na miaka mitano hivi mwaka 1483. Ila kuna Dominic Mancini, Mwitaliano aliyekuwa London kiangazi hicho, aliyemaliza kuandika Desemba 1483 wakati Henry bado mkimbizi. Anasema watoto walisogezwa vyumba vya ndani, wakawa wanaonekana dirishani kwa nadra, halafu basi. Aliona wanaume wazima wakilia Edward alipotajwa. Na bado anasema wazi kwamba hajui kama mtoto yule aliuawa, wala kwa njia gani. Shahidi wa namna hiyo namwamini.

"Mifupa iliyo katika kanisa la Westminster Abbey ni yao." Ilifukuliwa Mnarani 1674, ikachunguzwa 1933, na vinasaba havijawahi kupimwa. Hapo hatuna la kushika.

"Mama yao asingemrudia muuaji." Watetezi wa Richard wanaipenda sana hoja hii. Ni kweli Machi 1484 Elizabeth Woodville aliwatoa mabinti zake kwenye hifadhi ya kanisa. Ila kwanza Richard aliapa hadharani, mbele ya wakuu wa nchi, kwamba maisha yao yatakuwa salama. Na zaidi ya hapo, Juni 1483 Richard alikuwa ameshawakata vichwa baadhi ya watu wa upande wa Elizabeth, akiwemo Richard Grey, mwanawe kwa mume wa kwanza. Hilo mama alilijua, na bado akapatana naye. Kwa hiyo kupatana hakuthibitishi kitu.

"Nyaraka mpya zimemaliza mjadala." Mwaka 2023 mtafiti Philippa Langley alionyesha stakabadhi ya 1487 kutoka Lille, ya silaha za "mwana wa Mfalme Edward". Inaonyesha kuna mtu aliitwa hivyo tu. Mwaka huohuo wa 1487 kijana Lambert Simnel, aliyejidai wa ukoo wa kifalme, alitawazwa Dublin kwa jina la Edward. Mwaka 2024 Profesa Tim Thornton akaibua wosia wa 1516 unaotaja mkufu wa Edward V, yule mtoto mkubwa, ukiwa mikononi mwa shemeji wa James Tyrell, mtu ambaye More anamtaja kuwa ndiye aliyesimamia mauaji. Unatia shaka kubwa, lakini mkufu unaweza kufika kwa mtu kwa njia nyingi.

Wapo wanaomshuku Duke wa Buckingham, mshirika wa Richard aliyeasi Oktoba 1483 na kuuawa. Wengi wa wanahistoria, hata hivyo, wanabaki kwa Richard, nami nipo nao, ingawa mahakama ya leo ingemwachia. Watoto walikuwa mikononi mwake, na uvumi ulimgharimu wafuasi. Machi 1485, alipozushiwa kuwa anataka kumwoa dada yao, alisimama mbele ya watu London akakana. Kuhusu wavulana hakuna tamko lake lililobaki.