“Saa nane” ya dirishani

Nchini Tanzania mfamasia husoma shahada kwa miaka 4, kisha hufanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo kabla ya kupata usajili kamili wa Baraza la Famasi. Nilipoingia katika mwaka huo wa vitendo nilikuwa najua vizuri jinsi dawa inavyofyonzwa tumboni, inavyovunjwa na ini na inavyotoka mwilini. Kuzungumza na mgonjwa nilikuwa nakuhesabu kuwa adabu tu, jambo ambalo mtu aliyelelewa vyema hahitaji kufundishwa.

Siku moja, yapata saa sita mchana, bibi mmoja alifika dirishani akiwa na cheti cha dawa mseto ya malaria. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara 6, yaani vidonge 24 kwa siku 3, na dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ile ya kwanza. Nilimwamkia, nikampa maji ameze vinne palepale, nikamwambia: “Bibi, vinne vingine utameza baada ya saa nane, kisha kesho asubuhi na jioni, na keshokutwa vivyo hivyo.” Nikamuuliza kama ameelewa. Akajibu, “Nimeelewa, mwanangu.”

Kesho yake mjukuu wake alimleta akiwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Dozi ya pili alikuwa ameimeza saa nane mchana, saa mbili tu baada ya ya kwanza, ilhali mimi nilikusudia saa mbili usiku. Hakukosea kusikia. Lugha yetu hutumia neno lile lile kwa saa ya ukutani na kwa urefu wa muda, na kwa mtu anayeumwa kichwa neno “baada ya” hupita bila kushikika. Hata lile swali langu, “Umeelewa?”, halikuwa na jibu lingine la heshima ila “ndiyo”, bibi gani atakubali kuonekana mjinga mbele ya kijana aliyevaa koti jeupe, na foleni iko nyuma yake?

Mfamasia aliyekuwa akinisimamia hakunigombeza. Alinitaka niandike tukio katika kitabu cha makosa, kisha nirudi kwa bibi nimweleze kwamba kosa ni langu na si lake. Hilo la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa familia ilikwisha kumlaumu kwa “kutosikia”. Bibi alipata nafuu, akamaliza dozi.

Tangu hapo nataja wakati wenyewe: “leo usiku saa mbili, baada ya chakula.” Chakula nakitaja kwa sababu sehemu moja ya mseto huo hufyonzwa vizuri pakiwa na mafuta, hata kikombe cha maziwa kinasaidia. Kisha badala ya kuuliza kama ameelewa, nasema: “Nyumbani wakikuuliza unamezaje, utawaambiaje?” Huchukua nusu dakika. Bahasha zenye “1x3”, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, nazo sizipendi. Nimewahi kukutana na mtu aliyeisoma kuwa vidonge vitatu kwa mkupuo, na kwa kweli hesabu ya shuleni ilikuwa upande wake.

Dirisha lenyewe lina tatizo la pili, nalo ni siri. Kioo chenye tundu dogo humlazimisha mfamasia apaze sauti, na dawa nyingine hutangaza ugonjwa kwa jina lake tu. Mahali ambapo hapana chumba cha maelezo, angalau naweza kumwita mgonjwa mlango wa pembeni, au kumwonyesha maandishi kwa kidole bila kutamka.

Kwenye famasi ya mtaani mambo hubadilika, kwa kuwa mwenye duka huishi kwa mauzo. Mteja huja bila cheti akitaka antibiotiki vidonge sita tu, kadiri ya pesa aliyo nayo. Najua sheria, najua usugu wa vimelea, lakini nikimwambia “hairuhusiwi” atavuka barabara akanunue kwa jirani. Kwa hiyo humuuliza kwanza anaumwa nini na tangu lini. Mara nyingi ni mafua yasiyohitaji antibiotiki hata moja, na huondoka na dawa ya maumivu ya bei ndogo kuliko aliyoijia. Mwenye duka mmoja niliyemfanyia kazi aliniambia kwamba nafukuza wateja. Ajabu ni kwamba yeye huyo huyo angeridhika cheti changu cha usajili kining'inie ukutani bila mimi kuwapo, kwa malipo ya kila mwezi. Nilikichukua cheti changu nikaondoka, na kwa miezi kadhaa sikuwa na kazi.

Wanaofanya mafunzo chini yangu sasa nawapa jaribio siku ya kwanza: mweleze shangazi yangu, kwa simu, dawa ya kumeza kila baada ya saa nane. Shangazi ana maagizo ya kuitikia “ndiyo” kwa kila swali.