Vijiji vya ushirika Dodoma: yanayosemwa na yaliyokuwapo

"Wagogo waliishi ovyo porini, Operesheni Dodoma ndiyo iliyowapanga."

Operesheni Dodoma ilikuwa kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Lakini Wagogo, wenyeji wa Dodoma, hawakuishi ovyo kabla yake. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe huweza kunyesha upande huu wa kilima ikaruka upande wa pili. Kaya iliyojenga tembe mbali na jirani ilipata malisho ya kutosha, ikapata na samadi: zizi liko uani, mbolea inazolewa na kumwagwa shamba la mlangoni, mtama unashika. Watu walipokusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mwalimu Nyerere mwenyewe akishiriki kufyatua matofali Chamwino, vijiji vilisogeza huduma kama shule na zahanati karibu na watu. Hilo nalisema kwa moyo mweupe. Lakini mashamba yenye samadi yaliachwa mbali, na mifugo ya kijiji kizima ikawa inakanyaga malisho yaleyale. Udongo ulichoka, na hili husemwa mara chache mno.

"Wote walilima shamba moja."

Shamba la kijiji lilikuwepo. Chakula cha nyumbani, kwa sehemu kubwa, kilitoka shamba la kaya.

"Ujamaa ndio uliozaa vyama vya ushirika."

Sheria ya kwanza ya ushirika ni ya 1932, enzi za mkoloni. Sheria ya 1975 ilikifanya kijiji chenyewe kuwa chombo cha ushirika, na mwaka uliofuata serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Mazao yakanunuliwa na mashirika ya umma. Sheria ya 1982 ndiyo iliyovirudisha. Kwa hiyo mzee akikwambia "ushirika ulitudhulumu", muulize kwanza: upi?

"AMCOS ni ya serikali."

AMCOS ni chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kinachouza mazao yao kwa pamoja. Ni ya waliolipa kiingilio na kununua hisa, kila mwanachama kura moja. Kwa mkulima wa zabibu jambo hili ni zito. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka na hazingoji. Anayeuza kwa ndoo barabarani hupokea bei yoyote kabla jua halijazama. Chama kilichofunga mkataba na kiwanda kabla ya mavuno kinaweza kubishania bei. Ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu ambacho chama kinaweza kukopa, nao hupitishwa na mkutano mkuu wa wanachama. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, chombo cha serikali, husimamia vyama, lakini mkopo uliopitishwa hukatwa kwenye malipo ya mazao ya wanachama, wakiwemo ambao hawakuhudhuria.