Tiba ya Baridi: Nafuu Si Kupona

Kila baada ya Kilimanjaro Marathon, na kila wapagazi na wageni wao wanaposhuka mlimani kupitia Mweka, wagonjwa ninaowahudumia hapa Moshi kwa fiziotherapia hunieleza kwamba wamekaa ndani ya pipa la maji ya barafu, au wamekwenda kujitumbukiza kwenye maporomoko ya Materuni, ili kutoa asidi iliyoganda miguuni. Hakuna asidi iliyoganda. Asidi ya laktiki huondolewa na mwili wenyewe katika muda wa saa moja hivi, ilhali maumivu ya mapaja hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Kinachouma ni nyuzinyuzi za misuli zilizochanika wakati wa kuteremka, kwa sababu paja hurefuka huku limekaza ili kuuzuia uzito wa mwili; ndiyo maana mtu aliyefika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hushindwa kushuka ngazi za nyumbani kwake.

Baridi hubana mishipa ya damu na kupunguza kasi ya neva, hivyo maumivu hupungua kweli, lakini msuli haujapona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanaume waliokaa katika maji baridi baada ya kila zoezi la nguvu, kwa wiki 12, waliongeza misuli na nguvu kidogo kuliko wenzao walioendesha baiskeli taratibu. Kwa hiyo anayeshindana leo na kesho ayatumie maji hayo. Anayejenga misuli ayaache. Anayejiandaa kupanda mlima, namsihi afanye mazoezi ya kuteremka wiki chache kabla ya safari, kwa maana msuli uliozoea mteremko hauumii sana, na hakuna barafu inayofanya kazi hiyo.

Vyumba vya tiba ya baridi, vyenye hewa ya nyuzi 110 za Selsiasi chini ya sifuri au zaidi, vilibuniwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya baridi yabisi, si kwa wanariadha, na mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba hakuna ushahidi kuwa vinatibu magonjwa yanayotajwa kwenye matangazo. Wala maji baridi hayaleti nimonia, kama wengi wanavyodhani; nimonia husababishwa na vimelea. Hatari yake iko kwingine: hupandisha shinikizo la damu ghafla, hivyo mwenye presha au ugonjwa wa moyo asiingie kabla ya kumwona daktari.